Kabla Hujazifuta Anime Zako

Gloire mwanangu,

Najua utashangaa kukuta barua juu ya kompyuta. Nimeiweka hapa makusudi. Ukirudi kutoka kwa kinyozi utavua viatu mlangoni, utanisalimia haraka haraka, kisha utakuja moja kwa moja hapa kufanya ulichosema jana. Basi kaa kwanza. Soma mpaka mwisho, na ukimaliza, kama bado unataka kufuta, futa. Sitakushika mkono.

Mambo ya safari sikuandikii. Sabuni, chandarua, kupiga simu ukifika, kumheshimu Baba Mukubwa, hayo umeyasikia mpaka unaweza kunihubiria mimi. Kesho ndege itakupeleka Kisangani, utaanza chuo kikuu, utalala kwa kaka mkubwa wa baba yako, na mimi nitarudi hapa Bunia, mtaa wetu wa Ngezi, kwenye nyumba ambayo ghafla itakuwa kubwa. Hilo nimelikubali. Nimefurahi hata. Mtoto niliyemtoa kijijini Fataki wakati wa vita akiwa na nguo za mwilini tu anakwenda kusomea kilimo chuo kikuu, na nimewaambia soko zima, hata wale ambao hawakuniuliza.

Ila jana mezani, Baba Mukubwa, aliyetoka Kisangani kuja kukuchukua, alipotoa masharti yake, nilishtuka. Si kwa ajili yake. Yeye alisema kama anavyosema siku zote: "Kwa nyumba yangu mutoto anasoma, anasali, analala. Ile ba-katuni ya macho kubwa kama ya bundi, ibaki huku Bunia." Nilingoja umjibu kitu. Wewe ukasema tu, "Ndiyo, Baba Mukubwa." Alipotoka kunawa mikono ukaninong'oneza: "Haina shida, mama. Miye niko mukubwa sasa. Kesho nitafuta yote, flash nitarudishia Kassim."

Ni ile "ndiyo" yako iliyonishtua. Naijua. Niliishi nayo karibu mwaka mzima, na sitaki uipande nayo kwenye ndege.

Pengine hukumbuki vizuri ulivyokuwa. Kabla vita havijarudi Djugu, pale Fataki, ulikuwa mtoto wa maneno. Walimu wenzangu walikuita Redio. Ulikuwa unaingia darasani kwangu bila kubisha hodi kuniambia mbuzi wa nani amekula nini. Halafu tukakimbia, ukiwa na miaka kumi na miwili, na tulipopata chumba hapa Ngezi, Redio ikazimika. "Ndiyo, mama." "Hapana, mama." "Nimeshiba." Baba yako alikuwa Mongbwalu kwenye dhahabu, akipiga simu nakupa, unamwambia "ndiyo, papa," unanirudishia. Mimi, mwalimu niliyekuwa nawabana watoto wa watu waseme sentensi nzima, mtoto wangu mwenyewe alikuwa ananijibu neno moja.

Nilikosea namna ya kukutafuta. Kila jioni nilikuuliza, "Gloire, unawaza nini?" Nilikuuliza wakati wa kula, wakati wa kuoga, hata tukiwa njiani kwenda kanisani. Nilidhani ni upendo, na ulikuwa upendo, lakini kwako naona ulikuwa kama mtu anayegonga mlango wa choo wakati uko ndani. Ungetoka vipi?

Kisha akaja Kassim. Nasema ukweli, sikumpenda mwanzoni. Kijana amezaliwa machimboni, hana ndugu anayejulikana, amefungua kibanda cha kuchaji simu mbele ya nyumba yetu na muziki juu. Nilipoona amekupa flash yenye michoro ya Kijapani nikajua sasa tumekwisha. Ulikuwa unakaa na kile kikompyuta ambacho baba yako alikinunua kwa mchimbaji mmoja aliyekuwa anarudi kwao, unasoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, mdomo umefungwa. Nikajiambia: mtoto wa miaka kumi na mitatu na dessin animé, katuni za watoto, akili inarudi nyuma.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu, watu sokoni wananiangalia. Shuleni walikupa rédaction, insha ya Kifaransa, juu ya mambo unayopenda. Ukaandika kwamba unapenda kutazama anime: *J'aime regarder les anime.* Mimi nikachukua kalamu nyekundu. Nikaweka aksan, kile kialama, juu ya e, nikaongeza s, nikaandika "dessins", yaani michoro, mbele yake, nikakuhubiria kabisa: animé ni sifa, na sifa haitembei bila jina, sasa hiyo "anime" yako ni anime ya nini? Ukaangalia wekundu wangu. Ukasema: "Mama, ile haiko Kifaransa. Iko jina yake. Ni anime tu, na sikukosea."

Umeona? Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote ulizoniambia tangu tutoke Fataki. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikakujibu, "Hakuna 'ile haiko', sema 'si'." Ukafunga daftari. Nililala na ushindi wangu.

Wiki nyingine nzima ilipita kabla sijaelewa nilichofanya, na nikaona aibu. Tena neno lenyewe mimi ndiye niliyelijua. Nimelifundisha miaka. Animé, kwa Kifaransa, ni kitu kilichotiwa uhai, kilichokuwa kimelala kikaanza kutikisika. Nililijua na aksan yake na wingi wake, na mtoto aliyekuwa anaanza kutikisika alikuwa amekaa mbele yangu anakula bugali.

Sikubadilika siku ile. Mimi ni mgumu, unanijua. Nilibadilika Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa nachambua maharagwe, wewe uko kwenye mkeka na kompyuta yako. Ilikuwa ile ya kijana anayekimbia kijiji chake moto ukiwaka, na rafiki yake anabaki nyuma ya mto. Ukaniuliza bila kugeuka: "Mama, mutu akikimbia, akaacha rafiki yake, yule rafiki anawezaka kumusamehe?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa na mstari wa Biblia, nilikuwa na mfano, nilikuwa na "mwanangu, wewe ulikuwa mtoto tu". Namshukuru Mungu maharagwe yalimwagika. Nilipomaliza kuyaokota nilikuwa nimeona kwamba umeniuliza juu ya yule wa kwenye picha, na kwamba ndivyo ulivyotaka iwe. Nikasema, "Sijui. Tuangalie." Nikaja kukaa mkekani. Tuliangalia mpaka betri ya plaque ya jua ikakata, na yule rafiki hakuwa amesamehe bado, na wewe ukaanza kuniambia juu ya rafiki yako Innocent, mlivyoachana pale njia panda. Tulizungumza juu ya Fataki jioni nzima kwa kisingizio cha watu waliochorwa. Baadaye Innocent alipatikana kambini, mzima, mrefu kuliko wewe, na leo mnatukanana kwa utani kwenye simu kila wiki. Lakini siku ile hatukujua. Siku ile nilikuwa na mtoto anayeongea, nikalia nikiyapika yale maharagwe, wewe ukadhani ni kitunguu.

Ndiyo maana nakuambia futa ukitaka, lakini usiniambie ni mambo ya watoto.

Halafu nikaharibu tena, kwa sababu mwalimu hawezi kuona kitu kizuri akakiacha kitulie. Nikaamua kama anime inakufungua mdomo, basi itumike vizuri. Kila episodi, résumé, muhtasari wa kurasa mbili kwa Kifaransa: wahusika, mahali, fundisho. Nikakuwekea hata pointi kati ya ishirini. Ulifanya mbili. Ya tatu ukaniambia umechoka na anime, unataka kulala. Siku kumi hukugusa kompyuta, na Kassim, yule Kassim niliyemdharau, ndiye aliyekuja mlangoni na heshima yake yote: "Mama mwalimu, unisamehe. Weye umeifanya ikuwe devoir, kazi ya masomo. Nani anapendaka devoir?" Nilimkaribisha chai. Ile karatasi ya pointi nikawashia makaa.

Tangu siku ile nikawa naangalia kama mtu wa kawaida. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba Baba Mukubwa na mimi wa zamani tulikuwa na kosa moja: tulidhani ni kitu kimoja. Macho makubwa, nywele za rangi, makelele, basi. Mwanangu, hata sokoni hatusemi "chakula". Tunasema mihogo, tunasema sombe, tunasema samaki wa Ziwa Albert, na kila kimoja kina siku yake na mpishi wake.

Nilianza na zile za kupigana kwa sababu ndizo ulizokuwa nazo. Mwanzoni zilinichosha. Mtu anapigwa, anaanguka, anakumbuka utoto wake dakika ishirini, anaamka. Lakini kulikuwa na ile ambayo, katikati ya pigano, wanaacha kila kitu na kumfuata adui mpaka kwao. Episodi nzima ni ya adui. Tunaona mama yake anamshonea koti, tunaona nani alimchomea nyumba. Nilikasirika. Nikakuambia, "Kwa nini wananionyesha huyu? Miye sitaki kumuonea huruma." Ukajibu, "Ndiyo hivyo, mama. Ba-nakufanyaka makusudi." Sikulala vizuri. Wiki ile nilinunua kabeji kwa yule mama wa kona ya pili, ambaye mimi na yeye tulijua watu wetu walifanyiana nini vitani, na miezi yote tulikuwa tunapitana kama miti. Sikusema kitu kikubwa. Niliuliza bei, nikauliza watoto wake wanasoma wapi. Mmoja anasoma kwenye shule yetu. Sitasema ni anime iliyonipeleka kwenye meza yake, miguu ilikuwa yangu. Lakini nilikuwa nimefanya zoezi.

Kisha ukaniletea zile za michezo. Wale wasichana wavuta kamba! Hawashindi hata mara moja mpaka nusu ya hadithi, na kila wakishindwa wanakula supu na kupanga upya nani asimame nyuma. Mimi sijawahi kuvuta kamba, lakini nilishika ukingo wa meza mpaka ukaniambia, "Mama, achilia, utaivunja." Kisha za vichekesho, ile ya mzimu anayeogopa watu na kujificha kwenye debe la mchele. Kisha za upelelezi, ambazo baba yako akija kutoka Mongbwalu anazikisia mwisho wake na hajawahi kupata. Kisha za zamani, za watu wenye panga na adabu nyingi. Na zile za roboti, nilizoapa sitaangalia, mpaka nikaona ile ya fundi wa baada ya vita ambaye kazi yake ni kuchomoa risasi kwenye chuma na kukigeuza kiwe cha kulima. Hiyo ulinionya. Ulisema, "Mama, hii iko na vita mwanzoni, nipitishe?" Nikakuambia pitisha. Mwezi uliofuata nikakuomba urudishe nyuma, nione na mwanzo. Nilitaka nijue zile risasi ziliingiaje.

Za mapenzi sitaki uzitaje kwa mtu. Lakini ile ya kijana na binti wanaopanda treni moja kila asubuhi, episodi kumi na mbili, na episodi kumi na mbili zote hakuna aliyesema neno! Nilipiga kelele, "Sema basi, mjinga weye!" mpaka Kassim akaja kuuliza kama tuna wezi. Na baba yako alicheka kwenye simu akasema ndivyo mimi mwenyewe nilivyomfanyia pale kwao Kpandroma, misimu miwili ya viazi. Ni kweli. Sikuwa nimelifikiria.

Ziko na chafu, tusidanganyane. Ziko zinazovua wasichana nguo bila sababu, ziko za damu kwa ajili ya damu tu. Nilikuona siku moja unazima haraka niliponyanyua pazia, na sikusema kitu, kwa sababu nawe uliona haya bila msaada wangu. Mtu anaweza kununua kitu kibovu hata kwenye soko zuri. Utachagua. Umeshajua kuchagua, na hilo ndilo linanipa raha kubwa kuliko diplôme yako ya État ya kumaliza sekondari, ingawa ile nayo nimeitundika ukutani.

Lakini nikiulizwa mimi ninapenda zipi, nitasema zile ambazo hakuna kinachotokea. Mwanzoni nilikuwa nangoja. Mtu anaosha mchele, nangoja askari wabishe hodi. Mtoto anatembea peke yake kwenye njia ya mashamba jioni, namwambia akimbie. Na hakuna kitu. Anafika nyumbani. Anasema nimerudi, wanamjibu karibu, wanakula. Tuliangalia hizo wakati hapa mjini tulikuwa tunafunga milango mapema na kusikiliza mbali. Ilinichukua muda mrefu mwili wangu ukubali kwamba yule mtoto atafika tu. Sasa unakubali. Nadhani nilikuwa nimesahau kwamba siku ya kawaida ni kitu mtu anaweza kukikalia na kukitazama, na watu wa mbali huko, ambao hawatujui kabisa, walikaa wakakichora mpaka mvuke wa sufuria. Nawapenda kwa hilo. Ningewapikia.

Kwa hiyo usiniambie umekuwa mkubwa. Mimi ni mkubwa kuliko wewe na ndiyo kwanza naanza. Ukienda huko ukawa mtu wa "ndiyo, Baba Mukubwa" asubuhi na jioni, utafaulu, sina shaka, utapata pourcentage, alama nzuri, na siku moja nitapiga simu nitamkuta yule mtoto wa mwaka ule wa kwanza. Hilo ndilo naliogopa. Siogopi Kisangani, wala malaria, wala wasichana. Naogopa hilo tu.

Sasa ya Baba Mukubwa. Umemwona ni mtu wa kukataza, na ni kweli. Lakini tangu mke wake afariki anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na anakula mkate na chai jioni kwa sababu hajui kuwasha jiko. Aliniambia mwenyewe, kama mtu anayesema juu ya jirani.

Leo asubuhi ulipotoka kumuaga Kassim kisha upite kwa kinyozi, mvua ikanyesha, Baba Mukubwa hakuweza kwenda popote. Mimi sikumwomba kitu. Nilikaa na kazi yangu ya kushona vifungo vya mashati yako, nikafungua ile ya muzee mjane, anayejifunza kupika kwa kutafuta harufu anazozikumbuka tu. Baba Mukubwa alikuwa amegeuza kiti upande wa dirisha, anasoma zaburi. Episodi ya kwanza hakugeuka. Ya pili, pale muzee anapotoka nje alfajiri kuchuma majani mlimani, nikasikia nyuma yangu: "Hii mahali iko wapi?" Nikasema Japani. Akafunga zaburi yake. Kisha akasema: "Hapana. Ile ukungu iko ya Kpandroma. Siye tulikuwa tunaamukaka vile, mama yetu anatutuma kuni, hauone mukono yako." Hajafika Kpandroma tangu vita. Alisogeza kiti.

Tuliangalia tatu. Muzee aliunguza mboga ya kwanza na ya pili, na Baba Mukubwa akasema kwa hasira kabisa, "Moto ni mingi! Haoni moto ni mingi?" Kisha mvua ikakatika, akasimama, akavaa kofia, akawa tena Baba Mukubwa. Mlangoni akasema bila kuniangalia: "Ile ingine yote, sitaki kusikia. Hii ya muzee, mutoto anaweza kuja nayo." Akatoka. Halafu akarudi, akaingiza kichwa: "Lakini asiangalie bila miye."

Kwa hiyo anza na hiyo, Gloire. Usimletee roboti wiki ya kwanza. Mpikie kitu kwanza, hata kama ni mayai, kisha kaeni. Miwani yake imepitwa na wakati na hataki kukubali, na yale maandishi ya chini yanapita mbio. Anayasoma kwa midomo, polepole, kama watoto wangu wa darasa la pili. Usimsomee, ataona haya. Ukiona midomo yake bado inatembea, simamisha picha, ujifanye unatafuta maji ya kunywa.

Mama